Wigo wa Rangi Mbili

Dhoruba ile watabiri wa hali ya hewa waliipa jina la Hubert, kana kwamba ni mjomba anayekuja kutembea, nayo ilifanya kama mjomba kweli. Ilifika Skelby bila haya, ikapiga kelele usiku kucha, ikavunja vyombo vya watu, na kulipopambazuka ikawa imekwenda zake bila kuaga.

Norris Pickersgill alitoka mlango wa jikoni kukagua hasara, amevaa joho lake la taulo na chai yake mkononi. Akatazama juu, vigae vya paa vyote vipo. Akatazama kibanda cha vifaa, kimesimama. Ndipo alipogeuka upande wa wigo, akahisi ubaridi uliompanda kutoka kwenye ndara mpaka utosini. Paneli tatu za katikati hazikuwepo. Nguzo za zege zilibaki zimesimama peke yake kama meno ya kizee, na katikati ya pengo lile, upande wa pili, alisimama jirani yake, Bibi Enid Clough, naye yumo ndani ya joho lake la waridi, naye ameshika kikombe cha chai.

Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka mingi, na ujirani wao ulisimama juu ya jambo moja tu, yaani wigo ule wa mbao uliokuwa mrefu kuliko kichwa cha mtu. Norris, kabla hajastaafu, alikuwa mtahini wa madereva, na watu wa Skelby walimwogopa kuliko daktari wa meno. Bibi Clough alifanya mtihani kwake mara tatu, na mara zote tatu akamwangusha. Mara ya kwanza alisimamisha gari kumpisha bata na vifaranga wake, na bata walipokwisha kuvuka akaendelea kungoja, eti huenda kuna mmoja amechelewa. Mara ya pili alimpungia mkono kila aliyemjua, na mji mzima alikuwa anaujua, na wale aliowapenda zaidi aliwapungia kwa mikono miwili. Mara ya tatu Norris alisema kata kushoto, naye akakata kulia, akaeleza kwamba kushoto anakaa shemeji yake ambaye hawaelewani. Baada ya hapo mama yule alikwenda kufanyia mtihani mji wa jirani, akafaulu siku hiyo hiyo, akarudi akapita mbele ya nyumba ya Norris akipiga honi mpaka kona. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za mlangoni tu, fupi kama kikohozi.

Sasa wamekutana uso kwa uso na majoho yao. Norris aliyatazama mawingu kwa makini sana. Bibi Clough akaichungulia chai yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Kisha, bila neno, kila mmoja akageuka taratibu akarudi kwake, kwa mwendo wa mtu ambaye hajaona kitu.

Moira, mkewe Norris, aliyekuwa mpishi wa shule na asiyejua kununa, aliyaona yote kupitia dirisha la jikoni. Alicheka mpaka akashika meza.

Ilibidi kwanza zitafutwe zile paneli. Moja ilikuwa imelala juu ya kabichi za Bibi Clough. Ya pili ilikuwa juu ya paa la kibanda cha Norris, imepasuka vipande viwili. Ya tatu Moira aliikuta kwenye kituo cha basi mwisho wa mtaa, imesimama wima kando ya mlingoti kama abiria, na nyuma yake amejibanza mzee mmoja akijikinga na upepo. Moira alipotaka kuichukua, mzee alimwomba kwa adabu asubiri basi lake lije kwanza.

Pengo likakaa wazi. Lakini hapakuwa na mtu aliyelivuka. Mwezi mzima wigo ule ulibaki umesimama vichwani mwao, imara kuliko ulivyokuwa kabla ya dhoruba. Siku ya pili baada ya dhoruba, suruali ndefu ya ndani ya Norris, ya sufu, iliyopeperuka kutoka kwenye kamba, ilionekana imening'inia juu ya mawaridi ya Bibi Clough. Mama yule angeweza kunyoosha mkono tu akampa. Badala yake aliikunja, akaitia katika mfuko wa karatasi, akatoka mlango wake wa mbele, akapita barabarani, akafungua geti la akina Pickersgill na kubonyeza kengele. Moira akaupokea. Norris alikuwa nyuma ya pazia, masikio yamemwiva.

Jioni yake alitangaza kwamba atanunua paneli mpya mwenyewe, kwa kuwa wigo ni wake. Moira akauliza nani kasema. Norris akamweleza, kwa sauti ile ile aliyotumia kazini, kwamba desturi ya mtaa inajulikana, wigo wa kushoto ndio wako. Ukisimama mwisho wa bustani ukaitazama nyumba, wigo ule uko kushoto kwao.

Moira aliyapeleka maneno haya kwa jirani, kwa njia ya barabarani, akarudi na jibu. Bibi Clough alikubaliana kabisa na desturi ya kushoto. Ila mtu mwenye akili, alisema, husimama barabarani akaitazama nyumba, maana wageni huingilia mbele, wezi ndio huingilia bustanini. Na ukisimama barabarani, wigo uko kushoto kwa Bibi Clough.

Kwa kawaida watu hugombana kila mmoja akimsukumia mwenzake mzigo. Hawa waligombana kwa sababu kila mmoja aliutaka. Maana mwenye wigo ndiye mwenye kuchagua, na Norris alikuwa na hofu moja kubwa maishani tangu alipostaafu, nayo ni kuamka asubuhi moja akaona kitu cha rangi bustanini kwake. Alitaka paneli za kahawia, zilizonyooka, zisizo na maneno. Bibi Clough alikuwa amekwisha kumwambia Moira kwamba yeye anapenda za buluu, zenye ukingo wa mawimbi juu.

"Buluu," Norris alisema akiwa ameshika tama. "Kama kibanda cha askrimu."

"Mimi napenda askrimu," alisema Moira, akaendelea kumenya viazi.

Basi Norris akaagiza paneli tatu. Bibi Clough naye akaagiza tatu. Ikasadifu, au pengine si kusadifu maana Skelby ina duka moja tu la mbao, kwamba lori moja lilizileta zote Jumamosi moja. Dereva alizishusha kahawia huku na buluu kule, akalitazama lile pengo, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akapanda lori lake akaondoka. Hakutaka kujua.

Asubuhi hiyo hiyo kazi ilianza. Kuna jambo la kufahamu kuhusu wigo wa namna hii. Nguzo za zege zina mfereji mwembamba ubavuni, na paneli huinuliwa juu ya nguzo mbili ikateremshwa ndani ya mifereji hiyo, kama droo iliyosimamishwa. Ni kazi ya watu wawili. Norris alianzia upande wa nyumba, Moira akishika huku na yeye kule, na paneli ya kwanza ya kahawia ikateremka vizuri ikakaa. Norris akaipiga kofi la mahaba.

Mara kengele ya mlango wa mbele ikalia. Alikuwa Bibi Clough, amevaa glavu, anaomba radhi kwa usumbufu, ila paneli yake ni nzito na yuko peke yake, sijui kama Bibi Pickersgill angeweza kumshikia kidogo tu.

"Bila shaka, jirani," alisema Moira, akavua aproni akafuatana naye.

Norris alibaki amesimama na mdomo wazi. Akamwona mke wake wa ndoa akitokea upande wa pili, baada ya mzunguko wote ule wa barabarani, akaenda mwisho wa bustani na kumsaidia adui kuteremsha paneli ya buluu. Mawimbi yake yalionekana wazi chini ya jua. Kisha wanawake wakasimama wakaisifia. Kisha, la kuumiza zaidi, wakaingia ndani kunywa chai.

Sasa lilibaki pengo moja, la katikati. Norris aliona kwamba atakayeliwahi ndiye mwenye wigo, kahawia mbili kwa buluu moja, na hukumu imepita. Hakuwa na wa kumsaidia, lakini alikuwa na ngazi fupi na hasira, na hasira humpa mtu mkono wa tatu. Akailaza ngazi, la, akaisimamisha kati ya nguzo mbili, akapanda, akaivuta paneli kwa jasho na mguno mpaka ikafika kifuani, akainyanyua juu ya kichwa. Kwa nukta chache alisimama vile, mikono juu, ubao mpana kama mlango wa ghala umejaa mbele yake. Hapo alikuwa mtu mwenye furaha.

Hubert alikuwa amekwenda, lakini alikuwa ameacha wajukuu. Upepo mmoja ulitokea nyuma ya kibanda, ukapima, ukaiona paneli, ukaona ni tanga. Norris alihisi ngazi inamuaga. Angeiachia paneli angebaki salama, na jambo hilo Moira alimweleza baadaye mara nyingi sana, lakini mtu ukishika mali yako unashika. Alivuka mpaka akiwa hewani, akapita juu ya kabichi zilizosalia, akatua ndani ya lundo la mboji la Bibi Clough, yeye chini na paneli juu, kwa kishindo kilichowatoa wanawake jikoni na vikombe vyao mikononi.

Kisha sauti ikatoka chini ya paneli.

"Samahani, Bibi Clough. Nimeingia bila kubisha."

Walimfunua. Alikuwa na maganda ya viazi shingoni na jani la kabichi limemkaa begani kama cheo cha askari, na kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinavimba huku wanakiangalia. Paneli ilikuwa imevunjika katikati. Moira akapiga simu ya gari la wagonjwa. Akaulizwa kama mgonjwa anapumua, akasema anapumua na anabisha pia. Wakamjibu kwamba mtu anayebisha atangoja mpaka jioni. Moira hakuwa dereva, hakuwahi kutaka kuwa, alisema dereva mmoja nyumbani anatosha kumaliza maneno. Na dereva mwenyewe ndiye yule aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu juu.

"Gari langu liko nje," alisema Bibi Clough.

Norris akasema labda teksi. Akasema labda uvimbe utashuka. Akasema hata mboji ina joto zuri, angeweza kupumzika hapo hapo. Bibi Clough alimwacha amalize, kisha akamtazama.

"Au unaniogopa, Bwana Pickersgill?"

Basi wakambeba mpaka garini, wakamtandikia magazeti kwa sababu ya harufu, wakamkalisha kiti cha mbele, kile kile cha upande wa mtahini. Moira alitaka kwenda, lakini alisema kuna mkate wa nyama kwenye oveni. Norris alimtazama mkewe akipunga mkono getini na akajua kwamba hakuna mkate wowote utakaoungua hata akienda.

Safari ya hospitali si ndefu, lakini ina vilima, ina taa, na ina kipilefti kimoja ambacho Norris alikuwa akikiita kazini makaburi ya wenye haraka. Aliapa moyoni hatasema neno. Walipotoka tu mtaani, mguu wake mzima ulikanyaga breki isiyokuwepo. Kwenye taa ya kwanza akanong'ona, "Kioo."

"Umesema nini?"

"Nimekohoa."

Bibi Clough alikuwa ameshatazama kioo. Alikuwa anaendesha taratibu, macho mbele, mikono mahali pake. Jamaa zake walimpungia kutoka kila pembe, maana mji ulikuwa ule ule, naye akawajibu kwa kuinua nyusi tu. Wakafika kwenye kipilefti. Norris akafumba macho. Alipoyafumbua walikuwa wamekwisha kupita, hakuna aliyepiga honi, na yeye amekumbatia mkoba wa Bibi Clough kifuani bila kujua umefikaje.

"Huo una mayai," alisema Bibi Clough. "Shika vizuri."

Kwenye maegesho ya hospitali palibaki nafasi moja, finyu, kati ya gari jipya jeusi na nguzo. Wanaume wawili walikuwa wameijaribu wakaikimbia. Bibi Clough alitia rivasi, akageuza shingo, akaliingiza gari mle kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayerudisha kisu alani. Akavuta breki ya mkono, akazima.

Norris aliurudisha mkoba. Kitu kilimpanda kifuani, akakizuia, kikapanda tena. Miaka thelathini ya kazi haimtoki mtu kwa sababu ya kifundo cha mguu.

"Umefaulu," alisema.

"Sikukuuliza," alijibu Bibi Clough, lakini alitoka garini na shingo imesimama kidogo, akamfungulia mlango.

Walikaa kwenye viti vya plastiki wakingoja eksirei, wakila pipi za mnanaa kutoka kwenye mkoba wa mayai. Muuguzi alipouliza kama mama huyu ni mkewe, wote wawili walisema hapana kwa pamoja na kwa haraka ya kuvunja heshima, mpaka ikabidi kila mmoja amtake mwenziwe radhi. Alipouliza ajali ilitokeaje, Norris akasema alikuwa anatengeneza wigo wake. Akamtazama jirani. Akajirekebisha, akasema alikuwa anatengeneza wigo. Mfupa haukuvunjika. Walimfunga bandeji nene kama mto wa mtoto, wakampa gongo la kutembelea, wakamwambia asipande ngazi tena, hasa akiwa na hasira.

Ungedhani baada ya hapo mambo yangekuwa mepesi. Jumamosi iliyofuata Norris alikalishwa bustanini juu ya kiti cha jikoni, mguu juu ya stuli, blanketi mapajani, asimamie kazi ya paneli ya mwisho. Huku zilibaki kahawia moja nzima na ile iliyovunjika. Kule zilibaki buluu mbili. Norris alikuwa amelala macho akilifikiria jambo hili, akasafisha koo, akasema kwa heshima zote kwamba itiwe ya buluu, kwa kuwa Bibi Clough alimpeleka hospitali.

Bibi Clough akasema haiwezekani, itiwe ya kahawia, kwa kuwa Bwana Pickersgill aliumia kwa ajili ya hiyo.

Norris akasema yeye angeona fahari kuwa na buluu. Bibi Clough akasema hata yeye siku hizi buluu inamchosha macho, hizi mbili zilizobaki atafanyia banda la kuku. Norris akasema kahawia ni rangi ya matope. Bibi Clough akasema matope ni rangi ya heshima. Adabu ilipanda kwa adabu, sauti zikafuata, na ikafika mahali Norris amelipiga gongo chini akisema wigo huo ni wa Bibi Clough na alijua hivyo tangu mwanzo, naye Bibi Clough akimwambia asimvunjie heshima, wigo ni wa Bwana Pickersgill na yeyote mwenye macho anaona uko kushoto kwake.

Moira alikuwa amesimama katikati ya pengo, mikono kiunoni, na mvua ilikuwa inaanza kudondoka.

"Mimi nitashika iliyo karibu yangu," alisema. "Asiyeipenda atazame upande mwingine."

Iliyo karibu ilikuwa ya buluu. Yeye na Bibi Clough waliinyanyua, ikakwama kidogo kwa sababu nguzo moja ilikuwa imeegama, wakaikandamiza kwa uzito wao wote mpaka ikateremka kwa mlio wa kizibo. Bustani zikawa mbili tena. Norris alijikuta anaitazama kahawia yake moja karibu na nyumba, na buluu mbili zenye mawimbi zikiendelea mpaka kule mwisho, na Bibi Clough hayuko tena mbele yake. Alingoja kuona kama atajisikia vibaya. Hakujisikia vibaya. Akajisikia kama mtu aliyevaa suruali baada ya kukaa mwezi mzima bila hiyo.

Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipoanza, ingawa kwa watu wa kule si la ajabu. Ule mwezi wa pengo, walipoweza kuonana kila saa, hawakusemezana bustanini hata mara moja, isipokuwa kwa ajali au kwa ugomvi. Ukuta ulipojengwa, maneno yakafunguka. Norris alikuwa akichechemea na gongo lake kando ya paneli za buluu, anasikia koleo upande wa pili, anauliza kabichi zinaendeleaje. Sauti inamjibu zinaendelea, ila ziliwahi kurukwa na mzee mmoja. Yeye anacheka, kwa kuwa hakuna anayemwona akicheka. Siku nyingine sauti inamuuliza kama ni kweli aliwahi kumtahini padri akalia. Norris anasema ni kweli, lakini hasemi nani alilia.

Alisema mambo mengi kwenye mbao zile. Alisema kwamba katika kazi yake yote hakuna siku aliyopanda gari la mwanafunzi bila tumbo kumwuma, na kwamba watu walidhani amenuna kumbe alikuwa anasali. Upande wa pili kikasikika kicheko kikubwa cha Bibi Clough, kilichodumu mpaka kuku wakaanza kulalamika, na katikati yake sauti ikisema, "Norris, na mimi nilikuwa nasali, sasa gari lilikuwa linaendeshwa na nani?"

Jumapili moja Moira alimwita mara mbili kuja kula, akajibu naja. Alipoingia, mvua imemlowesha mabegani, alimkuta mkewe amekwisha kula sehemu yake ya mkate wa nyama, na nusu ya sehemu ya Norris, na anakaribia kuimaliza nusu iliyobaki.

"Nilidhani umehamia kwa jirani," alisema Moira, akamsogezea viazi.